Mbavu za Mpiga Gitaa

Ukipata nafasi ya kulishika gitaa la umeme, lile la kawaida lenye pembe mbili utakalolikuta katika bendi nyingi kuanzia Kigoma hadi Mombasa, usihangaike na uso wake. Huko mbele kuna vitufe na marembo tu. Ligeuze. Utaona ubao umechotwa mgongoni, upande wa juu, kana kwamba mtu aliukwangua kwa kijiko kikubwa. Halafu ligeuze tena upapase ule ukingo ambapo mkono wa kulia hulala: hapo napo pamekatwa mshazari. Nimewauliza wapigaji watano hapa Morogoro kwa nini ubao umekatwa hivyo. Wanne walisema ni urembo. Wa tano aliniuliza kama sina kazi ya kufanya.

Si urembo. Ule mchoto ni alama ya mbavu za watu, tena una mwaka wake: 1954.

Nimeifuatilia habari hii kwa miezi kadhaa, na si kwa kuwa mimi ni mpigaji. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na riwaya isiyokwisha. Lakini nyumbani kwetu kuna mtu anayechongewa gitaa, na mtaa mzima una ushauri wa kumpa. Mmoja anasema achukue umbo la yule, mwingine anasema bila jina fulani kichwani hilo si gitaa. Nami nikaona afadhali kwanza tujue maumbo hayo yalitoka wapi na yalichongwa kwa ajili ya nani. Huyo mtu wetu nitamfikia baadaye. Tuanze mbali kidogo.

Gitaa la kwanza la umeme lililofanikiwa sokoni halikumsumbua mtu mbavu, kwa sababu halikushikwa kifuani. Lilibuniwa Los Angeles na George Beauchamp, likatengenezwa kwa mfano mwaka 1931 na kuanza kuuzwa mwaka 1932 na kampuni aliyoshirikiana na Adolph Rickenbacker. Lilikuwa la alumini, duara dogo lenye mkono mrefu, na watu wakalibatiza jina la kikaango. Lilipigwa kwa mtindo wa Hawaii: unakaa, unalilaza mapajani, unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Paja halilalamiki haraka kama bega.

Mwaka 1936 Gibson wakatoa ES-150, gitaa kubwa lenye tumbo wazi kama magitaa ya kale, ila limetiwa kinasa sauti. Kijana Charlie Christian alilipiga katika kundi la Benny Goodman kuanzia mwaka 1939, na kwa mara ya kwanza wasikilizaji wengi walilisikia gitaa likijibizana na saksafoni bila kumezwa. Alifariki mwaka 1942, ana miaka 25 tu. Sasa tatizo la magitaa yale lilikuwa moja: ukiongeza sauti ya amplifaya, lile tumbo wazi linatetemeka na kuanza kupiga mluzi. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na spika za harusini anaujua mluzi ule.

Dawa yake ilikuwa kuliondoa tumbo na kutia gogo. Les Paul, aliyekuwa mpigaji na pia fundi kwa tabia, alifanya hivyo mjini New York mnamo 1940 na 1941. Alichukua kipande cha mbao ya msonobari chenye upana wa inchi nne kwa nne, akakifunga nyuzi na vinasa sauti, kikaimba bila mluzi. Lakini mwenyewe alisimulia kwamba alipokwenda nacho kupiga mbele ya watu, hawakuchangamka. Basi akalipasua gitaa la kawaida na kuvigandika vile vipande viwili ubavuni mwa gogo, likaonekana gitaa. Watu wakafurahi, ingawa sauti ilikuwa ileile. Katika habari hii nzima hakuna kinachonichekesha zaidi. Yale mabawa hayakuwa na kazi yoyote kwa masikio wala kwa mwili wa mpigaji, yaliwekwa kwa ajili ya macho ya watazamaji. Tangu siku hizo gitaa la umeme linavutwa na mabwana wawili, macho ya watu na mwili wa mpigaji, na mara nyingi macho ndiyo yanayoshinda.

Mwili nao una namna yake ya kudai. Januari 1948 Les Paul alipata ajali mbaya ya gari huko Oklahoma. Kiwiko cha mkono wake wa kulia kilivunjika vibaya kiasi kwamba madaktari hawakuweza kukirudishia uwezo wa kukunja na kukunjua. Kingebaki kimeganda jinsi watakavyokiacha. Akawaomba wakigandishe kwa pembe itakayomwezesha kulikumbatia gitaa na kuzifikia nyuzi. Wakafanya hivyo, na akaendelea kupiga hadi uzeeni kwa mkono uliokunjwa daima. Hebu fikiri. Huyo ndiye mtu ambaye jina lake liko kwenye gitaa linalojulikana kuliko mengi duniani, na wakati wa shida ni mwili wake uliochongwa ulifuate gitaa. Nitairudia fikra hii, kwa sababu naona ndiyo historia yetu sisi huku pia, tofauti ni kwamba huku hakuna daktari aliyeulizwa.

Mwaka huohuo wa 1948, California, Merle Travis alichora gitaa alilolitaka na kumpelekea Paul Bigsby, fundi hodari wa vyuma na mtu wa pikipiki. Lilikuwa jembamba, ubao mtupu usio na tumbo, na vifungo vyote sita vya kukazia nyuzi vimepangwa upande mmoja wa kichwa ili mpigaji asizungushe mkono huku na huku. Bigsby akalitengeneza. Gitaa la kuagiza, basi, ni la zamani kuliko magitaa mengi ya kiwandani tunayoyaita ya asili. Baadaye kuliibuka maneno mengi kuhusu nani alimwiga nani, kwa sababu vifungo sita upande mmoja vilikuja kuonekana kwenye magitaa ya jirani yao. Maneno hayo nawaachia wanaoyapenda.

Jirani huyo alikuwa Leo Fender wa mji wa Fullerton. Alizaliwa mwaka 1909, alikuwa fundi redio, na jambo muhimu kumhusu ni kwamba hakujua kupiga gitaa. Wengi hulitaja hilo kama kichekesho. Mimi naona ndiyo siri yake. Mtu anayejua kupiga hutengeneza kinachomfaa yeye. Asiyejua hana budi kuuliza, na akishauliza hana budi kusikiliza, maana hana vidole vya kubishana navyo.

Mwaka 1950 alitoa gitaa la ubao mtupu ambalo tangu 1951 linaitwa Telecaster. Lilikuwa kitu rahisi mno. Kiwiliwili chake ni ubao uliokatwa kwa msumeno, kingo zake zimesimama wima kama za meza. Shingo yake haikugandishwa kwa gundi bali ilifungwa kwa skrubu nne. Wajuzi wa magitaa ya kale walilicheka. Lakini likiharibika shingo unafungua skrubu nne, unaweka nyingine, usiku unakwenda kazini. Kumbuka skrubu hizo nne, maana zitakuja kuvuka bahari.

Wapigaji wa muziki wa kuchezea dansi kule magharibi ya Marekani walilipenda kwa sauti na kwa bei, kisha wakaanza kulalamika. Walikuwa wakisimama jukwaani saa nyingi kila usiku, na ule ukingo wa meza ulikuwa ukiwakata mbavuni kwa nyuma na kuwabana mkono kwa mbele. Wanaotajwa zaidi kwa malalamiko hayo ni Bill Carson na Rex Gallion. Hawakuandika barua. Walikwenda karakana, wakasimama, wakaonyesha panapouma. Nani alitangulia kusema, haina uzito kwangu. Uzito uko katika kwamba karakana ilikuwa na mlango, mpigaji aliweza kuuingia, na aliyekuwa ndani alikuwa na kalamu mkononi.

Aliyechora umbo jipya ni Freddie Tavares, mzaliwa wa Hawaii, mpigaji mwenyewe, aliyejiunga na Fender mwaka 1953. Mwaka uliofuata likatoka Stratocaster. Mgongo umechotwa mbavu zikae. Ukingo wa mbele umelazwa mkono upumzike. Pembe mbili ziliwekwa ili vidole vizifikie noti za juu, na ile pembe ya juu ikarefushwa. Urefu huo una kazi. Kishikizo cha mkanda kiko kwenye ncha yake, na kadiri kishikizo kinavyosogea kuelekea katikati ya shingo ndivyo gitaa linavyoning'inia sawasawa bila kichwa kuanguka. Lilikuwa na vinasa sauti vitatu na mkono wa kutikisia sauti, na bei yake pamoja na mkono huo ilikuwa dola 249 na senti 50. Kampuni ilijivunia katika matangazo kwamba ubao ule unafuata mwili. Sijaona mahali pengine katika historia ya ala ambapo malalamiko ya maumivu yaligeuka kuwa tangazo la biashara kwa haraka namna hiyo.

Hao wengine niwapitie upesi. Gibson walitoa gitaa la jina la Les Paul mwaka 1952, zuri sana na zito sana: mengi huvuka kilo 4, na ya miaka ya 1970 yako yanayokaribia 5. Mwaka 1961 wakalibadilisha kabisa, wakatoa jembamba lenye pembe kali ambalo sasa linaitwa SG. Bega likapona, mkono wa kushoto ukaanza kuumia, kwa sababu kiwiliwili kilikuwa chepesi mno na shingo ndefu, kichwa kikawa kinaangukia chini na mpigaji anakibeba huku anapiga. Hapo ndipo utajua kwamba wepesi peke yake si raha. Fender nao mwaka 1958 walitoa Jazzmaster, iliyochongwa kwa upogo makusudi ili ikae vizuri kwa mpigaji aliyeketi. Ilikusudiwa watu wa jazz. Watu wa jazz wengi wakabaki na matumbo yao wazi, ikachukuliwa na vijana wa muziki wa ufukweni.

Na Jimi Hendrix, ambaye kila kijana mwenye gitaa humtaja, alikuwa mashoto aliyegeuza gitaa la watu wa kulia juu chini. Hivyo ule mkato uliochongwa kwa ajili ya mkono ulikwenda chini usikomhusu, vitufe vikaja juu chini ya mkono wake. Alipiga gitaa lililochongwa kwa mwili wa mtu mwingine, akalipiga kama tunavyojua. Albert King, naye mashoto, alichagua Flying V, ambalo pande zake mbili zinafanana, kwa hiyo ukiligeuza halina juu wala chini. Sisemi alipiga hesabu hiyo. Ila hesabu imekubali.

Sasa tuje kwetu. Mbelgiji Bill Alexandre ndiye anayetajwa kuleta gitaa la umeme Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1953. Kenya hutajwa Fundi Konde miongoni mwa wa mwanzo kabisa kulitumia. Katika miaka ya 1960 hapa Tanzania likawa ndilo roho ya dansi: solo, rithim, besi, na baadaye ile solo ya pili inayosuka katikati. Lakini lilikuwa la nani? Hapo ndipo historia yetu inapoachana na ya Fullerton. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Jeshi lilikuwa na bendi na vyombo vyake. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa DDC. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani anavyoajiriwa, na gitaa alilikuta kazini kama karani anavyoikuta taipureta. Akihama bendi, na walihama kweli, alitoka na vidole vyake tu.

Sikejeli mpango huo. Bila mashirika hayo watoto wa wakulima wasingegusa amplifaya, na nyimbo zile zisingekuwepo. Nasema tu kwamba lalamiko la mbavu halikuwa na pa kwenda. Aliyenunua gitaa hakuwa aliyelivaa, na aliyelichora alikuwa ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo mpigaji wetu alijifunza kupinda bega, kukaa kiti cha kona, kufunga kitambaa chini ya mkanda. Ukitazama picha za zamani za bendi zetu, acha suruali za bugaluu, tazama mabega. La kushoto mara nyingi liko chini ya la kulia.

Kaka yangu ana bega hilo. Anapiga solo ya pili katika bendi ya ukumbi mmoja hapa mjini, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa tatu usiku hadi wanaume wa mwisho watakapokubali kwenda kwao. Gitaa ni la mwenye ukumbi. Tulilibeba siku moja hadi dukani kwa muuza nafaka, tukaliweka kwenye mizani ya mchele, likavuta kilo 4 na gramu 800. Mwenye duka akauliza kama tunaliuza kwa kilo. Mwaka huu vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeanza kumfa ganzi kaka kila ikifika saa sita. Kwenye zahanati aliambiwa apunguze mzigo begani au aache kazi hiyo. Alipomweleza mwenye ukumbi, aliambiwa gitaa ni gitaa, na kwamba yuko kijana wa miaka 19 anayesubiri nafasi. Akitaka kuja na lake, ruksa, malipo yaleyale.

Kaka ndiye aliyenilipia ada hadi nikamaliza kidato cha nne. Ndiyo sababu nimesoma habari za kiwiko cha Les Paul usiku, nikaacha riwaya imelala.

Kuna watu wawili wa Uingereza ninaowafikiria sana katika jambo hili. Wa kwanza ni Tony Iommi wa Birmingham. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ya kiwanda cha mabati alichofanyia kazi ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa ni mashoto, hivyo ndivyo vidole vyake vya kubania nyuzi. Msimamizi wake alimletea sahani ya Django Reinhardt, aliyeungua mkono mwaka 1928 na kubaki akipiga kwa vidole viwili hasa. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Akatafuta nyuzi laini, akachukua za banjo. Baadaye alizilegeza nyuzi zaidi, na sauti ile nzito iliyotokea ikawa sauti ya Black Sabbath. Alipopata uwezo alichongewa magitaa na mafundi wa kwao, John Birch na John Diggins. Angalia mpangilio wake: alianza na kidole, akaja kwenye uzi, na ubao ukawa wa mwisho. Wengi wetu huanza na rangi ya ubao.

Wa pili ni Brian May. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi asiye na fedha ya kununua gitaa la Marekani, alianza kulijenga lake nyumbani pamoja na baba yake, Harold, aliyekuwa mtaalamu wa elektroniki. Iliwachukua kama miaka miwili. Shingo waliichonga kutoka ubao wa mahogani wa sehemu ya kuotea moto ya nyumba ya zamani, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Springi mbili zilitoka kwenye pikipiki ya zamani. Alama nyeupe za shingoni zilikuwa vifungo vya nguo vya mama yake. Gharama yote hutajwa kuwa kama pauni 8. Shingo ni nene kuliko mtu yeyote wa kiwandani angekubali, maana alichonga hadi mkono wake uliporidhika, akaacha. Ndilo gitaa alilosimama nalo katika Queen kando ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946, na bado analipiga.

Upande wa pili, fedha ikiwepo, watu huagiza mambo ya ajabu. Jerry Garcia alichongewa na Doug Irwin gitaa liitwalo Tiger, akalipokea mwaka 1979: mbao za thamani tupu, shaba tele, na uzito wa kilo 6 na ushei. Yaani karibu mtoto wa miezi mitatu begani. Nao Fender mwaka 1987 walifungua karakana maalumu ya kuchonga kwa kuagiza, na tangu 1995 wameuza magitaa mapya yaliyokwanguliwa na kuchakazwa makusudi ili yaonekane yamepigwa miaka 40. Mtu anapata nafasi ya kupimwa mwili wake, anaomba alama za jasho la marehemu. Les Paul na mabawa yake angelielewa jambo hilo mara moja.

Fundi wetu sisi ni mchonga vitanda na makochi. Ndugu na jamaa walipinga, wakasema gitaa si kochi. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Brooklyn alikuwepo Ned Steinberger, mbunifu wa samani, aliyekuwa akishirikiana karakana na Stuart Spector, mtengeneza magitaa. Mwaka 1977 alimchorea Spector gitaa la besi ambalo ubao wake mzima umepinda ufuate tumbo na kifua cha mpigaji. Baadaye akatoa besi isiyo na kichwa kabisa, vifungo vimehamia mkiani, ili tatizo la kichwa kuanguka liishe kwa kukiondoa kichwa chenyewe. Aliyeyafanya hayo ni mtu wa viti. Mtu wa viti anajua kwamba mwili una mifupa mahali fulani.

Na kweli, siku ya kwanza fundi hakutaka kuonyeshwa picha. "Acheni picha, wanangu," alisema. "Huyu anakaa au anasimama?" Kaka akajibu anasimama, ila kwenye taratibu za mwanzo anakaa. "Basi kaa nikuone. Haya, simama."

Tulikuwa tumenunua gitaa bovu lililopasuka ubao, na hapo ndipo zile skrubu nne zikatuokoa. Shingo ya gitaa ndiyo kazi ngumu. Vile vyuma vya kugawa noti vikikosea hata kidogo halitaimba kamwe, na kwa mchonga vitanda huko si kwake. Lakini kwa kuwa mwaka 1950 mtu aliamua shingo ifungwe kwa skrubu badala ya gundi, sisi tumeifungua kutoka kwenye ubao uliokufa, pamoja na vinasa sauti na daraja, na kilichobaki kuchongwa ni kiwiliwili. Fundi alipima mara tatu umbali kutoka daraja hadi mwanzo wa nyuzi, sentimita 64 na milimita 8, akauandika ukutani kwa penseli, akaniambia yeyote atakayeugusa ukuta huo atamjua.

Ubao nao ulitugombanisha. Mtaa ulitaka mninga, kwa sababu mninga ni heshima, kila sebule inautaka. Mwingine akataja mpingo, ati ndio unaotengeneza klarineti za Ulaya. Ni kweli unatengeneza klarineti, lakini klarineti ni bomba jembamba, na mpingo ukiutia majini unazama. Kiwiliwili kizima cha mpingo kingemmaliza kaka kabla ya saa nne usiku. Tukachukua mkangazi, ulio mwepesi kuliko mninga na ni jamaa wa mahogani waliyoitumia wale wa ng'ambo. Ulikuwa umekauka vizuri, umekaa darini kwa fundi tangu kabla ya mvua za mwaka juzi.

Mimi nikaleta habari ya SG: tukipunguza uzito sana, kichwa kitaanguka na mkono uleule wenye ganzi ndio utakaokibeba. Fundi alisikiliza, akachukua kipande cha boksi la friji, akakata umbo, akatoboa tundu na kulining'iniza kwa kamba shingoni mwa kaka, shingo halisi ya gitaa ikiwa imefungwa kwa mpira. Ikaanguka. Akakata jingine lenye pembe ya juu ndefu zaidi. Ikatulia kidogo. La tatu lilikuwa na pembe mbaya kabisa, ndefu kama mdomo wa korongo. Kaka aliachia mikono yote miwili na shingo ikabaki ilipo. Vijana waliokuwa wakitazama wakacheka umbo lile. Kaka hakucheka. Aliinua mkono wa kushoto, akafungua na kufunga vidole mara kadhaa, akasema hilo.

Kisha fundi akachukua chaki. Akampaka fulana kwenye mbavu za kushoto na kulia, akamkumbatisha ubao, akautoa. Palipokuwa na chaki ndipo patakapochotwa. Mchoto wenyewe haukuwa palepale pa Stratocaster, umeshuka chini zaidi, kwa sababu kaka yangu ni mfupi wa kiwiliwili na hupiga gitaa likiwa juu kifuani kama wazee wa dansi. Nilitazama alama ile nyeupe kwenye mkangazi kwa muda mrefu kidogo, fundi akaniuliza kama nataka kuinunua.

Sasa ubao umekatwa, umechotwa, umepigwa msasa. Ukiwa na vyuma vyake vyote, mizani ya mchele inasema kilo 3 na gramu 100. Muuza nafaka ameomba aonyeshwe likiisha. Kaka amelijaribu bila vanishi siku mbili mfululizo chumbani, saa nne kila siku, na ganzi ilikuja siku ya pili peke yake, tena mwishoni. Mwenye ukumbi ametoa hadi mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni rangi. Kaka anataka nyeusi tii. Fundi anasema mkangazi wake haupakwi rangi kama geti la shule, na kwamba kama ni nyeusi basi atafute seremala mwingine.